Hakuna Anayejua

Juzi, kwenye kantini ya chuo hapa Dodoma, meza ya pili kutoka nilipoketi, shangazi mmoja kutoka Kondoa alimfuata mpwa wake kuchukua jibu la posa. Binti aliomba aendelee kusoma.

"Usome nini tena?"

"Ulimwengu unatanuka, shangazi, na kasi inaongezeka. Wengine wanasema unasukumwa na nishati ya giza, isiyoonekana. Wengine wanasema kanuni yetu ya uvutano ndiyo yenye kasoro."

"Ukweli ni upi?"

"Hakuna anayejua."

"Hata wazungu?"

"Hata wao."

Shangazi alitua kikombe, akatazama juu, ingawa palikuwa na bati tu.

"Basi wakwe watangoja. Hili ni kubwa."

Tangu nimzike mke wangu nimepewa majibu mengi ya kwa nini alikufa. Hakuna lililonituliza kama la binti yule.