Jórunn na Matairi Manene

Jórunn hakuwa mtu wa kubembelezwa na wauza magari. Siku alipoingia kwenye ua wa magari yaliyotumika kule mjini Akureyri, mwishoni mwa vuli, muuzaji alimjia mbio na tabasamu lake lote, akamwonyesha kigari chekundu chenye matairi mapya ya misumari.

"Hiki hakikuangushi, mama. Misumari hii inauma barafu haswa."

"Barafu ni huku kwenu mjini," Jórunn akamjibu. "Kwangu mimi theluji inazika barabara nzima. Hiyo misumari itauma nini, mawingu?"

Hallveig, bintiye, aliyekuwa amesimama nyuma, alicheka bila kutaka. Hakuja kucheka. Alikuja kuhakikisha mama yake ananunua gari la maana, kwa sababu msimu wa baridi uliopita kigari cha namna hiyohiyo kilimzamisha Jórunn kwenye theluji, ikabidi timu ya uokoaji iende kumfukua. Walipomaliza kumpa pole, binti akatoa sharti: timu ikiitwa tena hata mara moja, Jórunn anafunga nyumba yake ya bondeni na kuhamia mjini. Naye Jórunn, mjane wa miaka sabini na kitu aliyezalia watoto wake wote bondeni humo, alikubali kwa hasira, maana hasira zake ndivyo zilivyo.

Basi akakipita kigari chekundu, akayapita na magari marefu yanayong'aa, akaenda kusimama kando ya gari moja la jipu, kuukuu, la kijivu, kule pembeni. Matairi yake yalimfika kiunoni.

"Hilo? Mama, hilo linakunywa mafuta kama limelaaniwa!" Hallveig akamaka.

"Linywe. Tairi nene ukilipunguza upepo linatandazika kama chapati, linapita juu ya theluji. Tairi jembamba linachimba kaburi. Baba yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha," Hallveig akasema. Yakaisha hapo.

Na jipu lilifanya kazi, jamani! Desemba ilipita, Januari ikapita, Jórunn anapanda uwanda wa juu na kushuka apendavyo, na kila akifika salama anampigia binti simu kumringia. Hata wenye magari mapya bondeni walianza kumfuata nyuma wapite kwenye njia aliyokwisha kuishindilia kwa matairi.

Ikaja karamu ya katikati ya baridi, ile ya vichwa vya kondoo na papa aliyevundishwa, inayofanyika ng'ambo ya uwanda. Hallveig alikuja kumtembelea mama yake siku hizo, dhoruba ikashuka, gari lake likazikwa uani mpaka madirishani. Wakaondoka na jipu mchana, anga limeshatulia.

Juu uwandani theluji ilikuwa laini, haina mwisho. Jórunn alishuka akaanza kutoa upepo, tairi moja baada ya jingine.

"Inatosha, mama."

"Bado."

"Inatosha, bwana! Litatoka kwenye rimu."

"Nani dereva hapa?"

Maringo hayo. Walikwenda vizuri, jipu linaelea, Jórunn anaimba, kisha akakata kona kwa mbwembwe ili binti aone. Pwaa! Tairi la mbele likachomoka kwenye rimu yake, jipu likainama upande.

Hallveig akatoa simu mfukoni.

"Usipige," Jórunn akasema. "Nipe nafasi moja tu. Moja, mwanangu."

Hallveig akashusha simu, ila hakuirudisha mfukoni. Jórunn akachimba kwa koleo, akainua gari kwa jeki, akapangusa barafu yote kwenye rimu. Kilichobaki ni kile wanachokifanya wote wa kule tairi likichomoka: kupulizia gesi ya kopo ndani ya tairi na kuiwasha, ule mlipuko ulirudishe tairi mahali pake. Gesi aliipulizia, kopo amelikumbatia kwa viganja viwili. Kiberiti kikamshinda. Njiti zilivunjika, nyingine zikaanguka kwenye theluji, na yeye anazifokea kana kwamba zina masikio.

Mlango wa jipu ukafunguliwa. Hallveig akakichukua kiberiti mkononi mwake.

"Rudi nyuma, mama. Nyuma zaidi, hizo nyusi bado tunazihitaji."

Akapulizia tena, akawasha njiti, akairusha. Bum! Moto ukazunguka, tairi likaruka likakaa. Wakapiga kelele kama wendawazimu, wakakumbatiana, wakaanguka.

Ndani ya jipu, pampu ndogo ikilijaza tairi, Jórunn akasubiri kusemwa.

"Mbona husemi?"

"Niseme nini? Timu haijaitwa. Sharti ni timu, na mimi si timu."

Kwa hiyo alikuwa ameshinda, nyumba ni yake. Angenyamaza tu. Lakini lililokuwa moyoni hakuweza kulimeza.

"Vidole vimekufa ganzi, Hallveig. Tangu tulipokata nyasi kiangazi. Vifungo vya koti nafunga kwa meno."

"Najua. Naona unavyoshika kikombe."

"Na umenyamaza!"

"Ningesema ungeninunia mpaka Pasaka. Nilitaka uniambie mwenyewe."

Machozi yakamtoka Jórunn, na hakuyaficha.

"Leo ningekuwa peke yangu, aibu isingeniacha niite timu. Ningekaa hapa hapa. Hilo ndilo linalonitisha." Akapenga kamasi. "Baridi ya mwakani nakuja kwako. Kiangazi narudi kwangu. Na usinibembeleze, nitaghairi."

Hallveig hakumbembeleza. Aliichukua ile mikono miwili ya baridi, akaitia ndani ya koti lake, wakakaa hivyo mpaka tairi likapata upepo.