Maji Juu, Salamu Chini

Mwenzangu wa kazi ni binti wa Machakos. Nilisoma naye chuo kule Buxton, hapa hapa mjini kwetu pwani, na tangu hapo hatujakubaliana jambo bila kwanza kukasirikiana. Mkali zaidi ni mimi. Wakati huo tulikuwa na mteja mmoja tu, kliniki ya meno, na tulikuwa karibu kumpoteza.

Programu yetu ilipanga miadi ya wagonjwa kwa simu. Mtandao ukikatika katikati, mgonjwa alibaki akining'inia: nafasi yake imeshikwa, mwenyewe hajaambiwa kitu. Daktari alitupa mpaka Jumatatu. Tukishindwa, atatafuta wengine.

Mimi nilifunzwa na mwalimu aliyechukia kuruka. Kwake programu husomwa toka juu hadi chini, kila sehemu na mlango mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka. Aliyeandika amri ya "rukia mstari fulani" alirudishiwa kazi yake mbele ya darasa. Basi baada ya kila hatua niliweka swali: imefaulu? Kama imefaulu, ingia katika inayofuata, nayo ina swali lake. Maswali yakazidi hata nami nikawa napotea ndani yake, ingawa sikumwambia mtu. Mwenzangu alitaka tuweke njia ya dharura: popote hitilafu itakapotokea, programu iache yote, iende mahali pamoja, iachie nafasi na imjulishe mgonjwa. Nikamwambia huko ni kuruka kulikopewa jina la heshima.

Jumamosi asubuhi tulikuwa barazani kwetu, Mji wa Kale, tukibishana. Laptopu yenye kazi yote ilikuwa ikichajiwa chumba cha juu. Akaja shangazi wa nyumba ya pili. Si wa damu, lakini kwetu hilo halina uzito. Akapiga hodi, akakaa, akaanza. Hamujambo, mumeamkaje, mama yu hali gani, na mguu wake je, ndugu yako aliyeko Maskati amepiga simu? Akamgeukia mwenzangu, akauliza wazazi, mahindi, mvua. Mwenzangu, ambaye pwani imeshamfunza, alijibu kila moja na kumuuliza yeye pia. Mimi nikaongeza kahawa.

Shangazi akaweka kikombe chini.

"Haya wanangu, lililonileta ni hili. Tangi lenu lafurika. Maji yashaingia chumba cha juu, nayaona toka dirishani kwangu."

Nilipanda ngazi mbio. Nilikuwa nimesahau kuzima pampu. Mkeka ulikuwa umelowa wote, na laptopu iko juu ya kigoda, waya wake karibu kugusa maji. Nikazima umeme, nikaikumbatia. Ilikuwa kavu. Nililia kidogo, kisha nikashuka nimefura kwa hasira, nikamuuliza shangazi kwa nini hakusema mara alipofika.

"Nianze na maji, sijakuuliza hali?" akasema. "Na weye mbona ulikuwa wanijibu?"

Mwenzangu alicheka mpaka akashika ukuta. Nilitaka kununa nikashindwa. Kung'ang'ania hatua zifuatane huku nyumba inajaa maji ndiyo kazi niliyokuwa nimeifanya wiki nzima. Tukakaa kitako siku hiyo na Jumapili yote, tukayafuta maswali yangu na kuweka njia yake ya dharura. Nilishinda jambo moja tu: njia ya dharura itumike kwa dharura, na anayeipita asiache kitu wazi nyuma yake.

Jumatatu daktari mwenyewe alichomoa waya wa mtandao katikati ya kupanga miadi. Nafasi ikaachiwa papo hapo, na mtandao uliporudi, mgonjwa akapata ujumbe wa kuombwa radhi. Daktari akajaribu tena na tena kama mtoto aliyepata kichezeo, kisha akatuagizia programu ya tawi lake la pili. Tulifurahi hata tukasahau kubishana njia nzima ya kurudi.

Baadaye nilisahau pampu tena. Safari hii shangazi alipaza sauti toka dirishani kwake: "Maji!" Neno hilo tu, bila salamu. Nikakimbia, nikazima, nikapangusa. Nilipofika chini nikasikia hodi. Alikuwa ameshajitanda buibui lake, amesimama mlangoni.

"Hujambo mwanangu? Umeamkaje?"

Nikamkaribisha akae, nikamjibu moja baada ya jingine, mpaka tukafika kwenye mguu wa mama.