Barua Niliyoificha Kwenye Faili

Barua yake ilifika wiki mbili kabla ya usaili. Wakati huo nilikuwa karani wa utumishi katika kampuni ya pembejeo mjini Korogwe, na tulikuwa tunatafuta mtu wa kupokea simu za wakulima. Kijana huyo wa Handeni aliandika kwamba haoni, kwamba kazi hiyo ameisomea, na akaomba mtihani wake uwe wa nukta nundu au asomewe maswali. Mimi niliona usumbufu tu. Nikaitia barua kwenye faili, sikumwambia mtu.

Siku ya usaili alifika wa kwanza, shati limepigwa pasi, fimbo nyeupe mkononi. Nikagawa karatasi. Ya kwake akaipapasa juu mpaka chini, akaigeuza, akaipapasa tena.

"Shikamoo mama. Samahani, hii yangu haina maandishi."

Wenzake wakainua vichwa. Meneja akatoka ofisini, akaniuliza, "Huyu alitutaarifu mapema?"

"Hapana," nikasema.

Kijana akageuza uso kuelekea sauti yangu. Nilidhani atanibishia. Hakubisha. Meneja akamwambia kwa upole kwamba muda umebana, ajaribu safari nyingine. Kijana akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akaomba aonyeshwe mlango. Nilimpeleka mimi hadi barabarani, nikamsimamishia bodaboda ya kwenda stendi.

Nilikaa na jambo lile miezi mitatu. Hata nikiwa shambani Kwamndolwa napalilia mahindi, lile "hapana" lilinijia. Mwishowe nikamweleza meneja. "Nafasi imeshajazwa," akasema, "na wewe ndiye utakayemwambia yule kijana ukweli."

Nikampigia.

"Barua yako niliipata," nikamwambia.

"Najua, mama. Nilipiga simu kuiulizia, ukanijibu wewe mwenyewe kwamba imefika."

Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Mbona siku ile hukusema?"

"Kati yangu na wewe, wangemwamini nani?"

Nikamwomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza.

Mwaka uliofuata nafasi ilitangazwa tena. Nilimpigia kabla ya mtu yeyote, nikamwahidi kwamba safari hii maswali nitamsomea mwenyewe. Akanishukuru kwa adabu. Akasema Korogwe harudi.