Mwalimu wa Vichaa

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilipelekwa milimani, juu ya mji wa Morogoro, kufundisha watu namna ya kukaa na ndugu zao waliorudi kutoka hospitali ya magonjwa ya akili. Nilipewa chumba nyuma ya zahanati. Waliniita Mwalimu wa Vichaa, na heshima yao iliishia kwenye salamu. Hakuna aliyekubali kunywa chai kwenye vikombe vyangu. Nilikuwa mpweke, na sioni haya kulisema.

Aliyekuja kwangu ni mmoja tu, mwanamke wa makamo aliyekuwa amepata nafuu. Kila alipokuja alimeza dawa yake mbele yangu, kisha tukapukuchua maharage barazani mpaka ukungu ushuke. Alikuwa na ulimi. Aliniambia uji wangu unafaa kubandikia matangazo ya mwenyekiti.

Alichotaka ni kulima na wenzake shamba la kijiji na kula nao sinia moja. Wao walimweka mwisho wa mstari, mbali kidogo, na chakula wakampakulia kwenye bakuli la peke yake. Nilifundisha mpaka koo likanikauka kwamba maradhi yale hayaambukizi. Waliitikia kwa adabu, wakaendelea vilevile.

Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli, basi nikamfuata kaka wa mama yake migombani. Alinisikiliza huku akinoa panga.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema. "Huyo katoka tumbo la dada yangu. Nitakwenda mwenyewe."

Siku ya shamba alifika wakati wa kula. Akachukua lile bakuli la mpwa wake, akala matonge mawili mbele ya watu wote, kilichobaki akakimimina kwenye sinia la wanawake, akamkalisha hapo. Wanawake walitazamana, kisha wakala. Mimi nilijifuta machozi kwa khanga.

Tangu hapo yule mwanamke hakuja tena kwangu. Dawa yake ilifuatwa na mama yake mdogo. Siku moja nilikutana na mwenyewe njiani, akiteremka na wenzake kupeleka kabichi sokoni. Nikamuuliza mbona ameadimika.

Aliwaacha wenzake watangulie, akashusha sauti. "Dada, wakiniona kwako watasema wazimu umenirudia."

Akawakimbilia. Nilisimama pale mpaka vicheko vyao vikapotea kwenye kona. Kazi niliyotumwa ilikuwa imefaulu, nami sikuwa na mtu wa kumwambia.