Mlinzi wa Cherehani Iliyokamatwa

Habari ilinikuta hapa Gitega, nimepanga foleni benki. Aliyepiga simu ni mama mdogo wangu, fundi wa nguo wa mtaa wetu wa Nyamugari, ambaye hapigi simu asubuhi bila jambo. "Wisie yetu amekufa," akasema. "Mazishi iko kwao Muyinga. Kesho tunaenda, na tiketi utalipa we." Wasomaji wangu wa hapa wanamjua wisie. Kwa wengine nitasema tu kwamba ndiye anayebisha hodi na karatasi mkononi ukikawia kulipa kodi ya komine, yaani halmashauri yetu, anaorodhesha vitu vyako, na usipolipa hata hapo anarudi na kamyoneti kuvipakia. Mtu wa kazi hiyo akifa, wengi hushusha pumzi. Mimi nilisikitika kwelikweli, kisha, Mungu anisamehe, nikaanza kucheka peke yangu mpaka mlinzi wa benki akanisogelea.

Marehemu alikulia Tanzania, wazazi wake walikokuwa wakimbizi, akarudi na Kiswahili kilichonyooka mno. Sisi tunaochanganya Kifaransa na Kirundi katika sentensi moja tulihisi kama anatusomea taarifa ya habari. Siku alipoingia kwa mama mdogo alivua kofia, akasema, "Shikamoo, mama. Naomba radhi, nimekuja kukamata mali yako." Mama mdogo alikuwa amelimbikiza kodi ya kibanda chake cha sokoni tangu mumewe alipougua, na mali ya maana ilikuwa cherehani tu. Shule zilikaribia kufunguliwa. Sare za watoto wa mtaa mzima zilikuwa mezani, nyingine zimekatwa, nyingine bado vitambaa. Cherehani ikiondoka, sare hazishonwi, na bila sare hakuna cha kulipa komine wala cha kupika. Mama mdogo alilijua hilo vizuri, lakini mgeni ni mgeni. "Kaa basi," akamwambia. "Kunywa chai, bon, utakamata ukishashiba."

Akanywa, akala na mandazi mawili. Kisha akaandika polepole, akisoma kila mstari kwa sauti ili mwenye nyumba amrekebishe. "Viti vinne." Mama mdogo akasema kimoja kimevunjika mguu. "Viti vitatu, na kimoja kigonjwa," akaandika. Alipofika kwenye cherehani alieleza kwamba mali iliyokamatwa lazima iwe na mlinzi mpaka muda wa kulipa uishe, na mlinzi anayemteua ni mwenye nyumba mwenyewe. Akabandika karatasi ubavuni mwa cherehani, akashukuru kwa chai, akaenda zake.

Siku ya nne akapita tena. Alikuta cherehani imefunikwa kitenge na kufungwa kamba, na mama mdogo ameketi kando yake, hashoni, analinda. Jirani aliyekuja kuomba apindiwe sketi alikuwa amefukuzwa kwa maneno makali: hii ni mali ya Serikali. Nilikuwepo, na nilimwona wisie akikuna kichwa. "Mama, mbona hushoni?" Akajibiwa, "Si uliikamata? Mi niko mlinzi, siko fundi tena." Akavuta kile kiti kigonjwa, akakaa kwa tahadhari, akasema, "Ikikaa bure itashika kutu, nami nitakuja kuuliza kwa nini mali yangu imeharibika. Ilinde kwa kuishonea." Akafungua kamba kwa mkono wake. Mama mdogo akakanyaga pedeli kabla mgeni hajatoka mlangoni.

Muda ukiwa haujaisha, sare zilikuwa zimekwisha na deni likalipwa lote. Hapo ndipo mama mdogo, pamoja na fedha, alipompa karatasi nyingine. Naungama kwamba niliiandika mimi, yeye akisema. Ilidai mshahara wa mlinzi, siku kwa siku, kwa kuwa Serikali haiwezi kumweka mtu kazini bila kumlipa. Wisie aliisoma yote amesimama, hata hakutabasamu. "Mama," akasema, "komine haina fungu hilo. Deni hili nalichukua mimi." Akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Tangu siku hiyo, kila akipita Nyamugari alisimamisha baiskeli na kuuliza, "Bado nadaiwa?" Naye ndani, bila kuinua macho, "Bado." Iliendelea hivyo kwa miaka, mpaka alipostaafu na kurudi kwao.

Mji wetu umekuwa makao makuu ya nchi, ofisi zimeongezeka, na notisi siku hizi huweza kukufikia kwa simu. Sina ugomvi na simu. Ila simu hainywi chai, na haiwezi kuona kwamba umefunga kwa kamba kitu pekee kinachoweza kukutoa kwenye deni.

Kule Muyinga, baada ya mazishi, kaka wa marehemu alisimama kama ilivyo desturi, akauliza kama kuna anayemdai ndugu yao, aseme watu wakisikia. Mama mdogo akasimama. Nilimvuta kanga, akanipiga kibao mkononi. "Mi namudai," akasema. "Mushahara ya kulinda cherehani." Nami nikatafuta pa kuficha uso. Ndipo mjane akainua kichwa katikati ya wanawake. "Ni wewe wa Gitega?" akauliza. "Alituambia utakuja. Alisema tusibishane nawe, una haki." Akaanza kucheka, machozi yanamtoka, na kicheko kikapita kwa shemeji, kwa watoto, mpaka kwa padri. Mama mdogo akangoja kitulie. "Basi," akasema, "nimekuja kusema imeisha. Simudai tena."

Nilichojifunza ni hiki: komine ilipata kodi yake yote bila kumwondolea mtu kazi yake, na aliyewezesha hayo alikuwa na sheria ileile waliyonayo wenzake wote. Aliitumia akiwa amekaa kwenye kiti kibovu cha mdaiwa. Tuliporudi Nyamugari, mama mdogo aliketi kwenye cherehani, ile karatasi ya zamani ingali ubavuni, imefifia. Nikasimama mlangoni, nikamuuliza kwa Kiswahili kilichonyooka kadiri nilivyoweza, "Mama, bado nadaiwa?" Hakuinua macho. "We bado," akasema. "Tiketi ya kurudi nililipa mi."