Garanti ya Nyumba ya Kadutu

Kumpa mwenye nyumba garanti, zile fedha za dhamana, akuwekee hadi utakapohama ni sawa na kumpa mtoto sukari akushikie. Nilijua hivyo, na bado siku nilipomwendea mwenye nyumba wetu kumwambia tunahama, nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Mzee yule alinikaribisha kiti, akauliza habari za mke wangu, ambaye alikuwa na mimba kubwa, kisha akasema kwa upole:

"Papa, ile garanti nilishakulaka. Ililipa minervali ya batoto ku masomo. Lakini usiogope. Tafuta mupangaji mupya. Ataleta yake, na miye nitakupatia."

Hakuwa ananitania. Ndivyo walivyofanya wenye nyumba wengi, vita vikiwa vimekausha mifuko ya kila mtu. Nami nilizihitaji zile dola upesi, maana tulikuwa tumepata nyumba mtaa wa Muhungu, yenye veranda na rangi mpya, na mwenyewe alitaka garanti kabla ya mwisho wa mwezi. Sikutaka mtoto wangu azaliwe katika nyumba ile ya Kadutu, ambamo mvua iliingia bila kupiga hodi na mlango wa nyuma ulifungukia korongoni.

Basi nikawa dalali wa nyumba niliyoilaani miaka yote. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nikaitembeza. Korongo nililiita hewa safi. Matundu ya mabati niliyaita mwanga. Mke wangu, mwimbaji wa kwaya asiyejua uongo, alipita nyuma yangu akiwaelekeza wageni: "Mvua ikinyesha, hapa munawekaka beseni. Na pale ingine." Wageni walishukuru, wakaenda zao. Nilimkasirikia hata nikawa nakula peke yangu.

Mwishowe akaja mama mmoja mjane, aliyekimbia vita kutoka Kamanyola na watoto wake. Nikaanza habari zangu za hewa safi, lakini hakunisikiliza. Alitazama ukuta uliobanduka, akafungua mlango wa nyuma, akalichungulia korongo, akaonekana kuridhika. Mke wangu akamweleza habari ya mvua.

"Mvua haiui mutu, maman," akajibu. "Nyumba yangu ya kule ilikuwa muzuri sana. Basoda ba jeshi baliipenda, bakatufukuza, bakaikala. Hii, nani ataipenda?"

Alilipa siku ileile. Mzee alizipokea dola kwa mkono mmoja, akanipa kwa mwingine, hazikupata hata kushika joto lake. Nilifurahi mno. Mke wangu alibaki nyuma njia nzima ya kuhamia Muhungu, na nilipomuuliza ana nini, akasema, "Ile veranda. Iko inaonekana toka mbali."

Nilimcheka. Mtoto alizaliwa huko kwenye rangi mpya, na kabla hajajua kukaa, komanda mmoja wa jeshi alipanda ngazi, akaketi verandani, akaisifu sana. Akatupa muda hadi jioni tuwe tumetoka. Nilijikaza, nikamuuliza kwa heshima zote, sasa garanti yangu itakuwaje.

"Papa," akasema, "uliza mwenye nyumba."