Ubao wa Nyuma wa Boti ya Shangazi Masika

Niliondoka Kasese, ninakosoma chuo kikuu, kwa sababu shangazi yangu Masika alikuwa karibu kupoteza boti yake. Ni boti ndogo ya faiba, na ndiyo inayomlisha huko Kahendero, kando ya Ziwa George. Ubao wa nyuma unaobeba injini ulipasuka majini, wavuvi wakaamua kwamba ni kiboko. Boti iliyogongwa na kiboko, walisema, hutafutwa naye tena. Hakuna aliyekubali kuipanda. Nikauliza ni nani aliyemwona kiboko huyo. Hakuna.

Kahendero nilichoma bisibisi kando ya boliti za injini. Ikazama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, maji meusi yakatoka. Aliyetoboa matundu ya boliti hakuyaziba maji yasipenye, na ubao ulikuwa umekunywa ziwa kwa miaka. Nikawaita wavuvi waone. Fundi wa injini wa pale, jina lake Kule, akacheka.

"Chuo kikuu kinafundisha viboko?"

"Hapana. Kinafundisha kuuliza nani alitoboa."

Shangazi akamgeukia Kule: ndiye aliyeifunga injini ile.

Asubuhi iliyofuata nilipanda pikipiki hadi Bwera kutafuta plaiwudi ngumu, gundi ya faiba na kitambaa chake. Muuzaji, mzee kutoka Butembo, Kongo, aliposikia habari aliacha kupima.

"Mutoto, kiboko iko na akili. Inarudiaka."

"Papa, leo unauza gundi au woga?"

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanijazia chupa hadi shingoni.

Niliporudi, mimi na shangazi tulikata ngozi ya ndani ya faiba, tukachimbua uozo kwa patasi na kuacha jua likaushe kilichobaki. Tuliweka plaiwudi mpya, tukaifunika kwa kitambaa na gundi. Safari hii kila tundu la boliti lilizibwa.

Siku ya kuishusha, Kule alitangaza kwamba injini itazama kabla ya kufika kwenye mafunjo. Shangazi akamwambia, "Basi panda, uwe shahidi." Hakupanda. Tukaenda wawili.

Penye mafunjo vichwa vya viboko viliibuka. Nilijisogeza katikati ya boti, sitasema uongo. Shangazi aliwazunguka kwa mbali, kama afanyavyo siku zote, kisha akaipa injini nguvu zote. Ubao haukutikisika. Tuliporudi na kutia nanga, wavuvi wawili walikuwa wanaomba nafasi ya kesho.

Nimerudi Kasese nikijua jinsi uvumi ule ulivyodumu: ulimfaa aliyetoboa, na kiboko hawezi kuja ufukweni kujitetea.